Wekeza kwa Miaka Ishirini, Siyo kwa Taarifa ya Habari ya Leo

Ukifuata taarifa ya habari kila jioni, utaona kama dunia inakwisha kesho. Anayeamini hivyo hawekezi. Sasa tazama mambo kwa miaka mingi. Utafiti wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa watoto 112 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Hakuna siku ambayo badiliko hilo lilitangazwa kama tukio, kwa sababu lilikuja kidogo kidogo. Maendeleo mengi huja hivyo, na biashara nyingi hukua humo humo. Ukitaka pesa yako ikue pamoja nayo, fanya hivi.

Anza na akiba ya dharura. Faida ya mwaka wa ishirini haikusaidii kama mwaka wa pili umekushinda. Weka kando matumizi ya miezi mitatu hadi sita, mahali unapoweza kuyapata haraka. Bila akiba hiyo, mtoto akilazwa utalazimika kuuza hisa zako, hata kama bei siku hiyo iko chini kabisa. Na kama una mkopo wa kausha damu, umalize kwanza. Ni vigumu kupata uwekezaji halali utakaozidi riba unayotozwa huko.

Ipe kila pesa tarehe yake. Ada ya Januari si pesa ya kununulia hisa. Utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu hivi, iweke benki, kwenye mfuko wa ukwasi au dhamana za Serikali za muda mfupi. Ambayo hutaigusa kwa miaka kumi na zaidi ndiyo ya hisa na hati fungani za muda mrefu.

Nunua kila mwezi, usisubiri bei nzuri. Iagize benki ikate pesa siku ya mshahara, kabla hujaanza kujadiliana na nafsi yako. Chukua mfano wa Sh 50,000 kwa mwezi, ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Miaka kumi ya kwanza itakufikisha kwenye milioni 10 hivi. Miaka kumi inayofuata itaongeza karibu milioni 28, ingawa kiasi unachoweka hakijabadilika. Asilimia 10 si ahadi ya mtu yeyote, na mfumuko wa bei utakula sehemu yake. Lakini umeona faida kubwa inakaa wapi: mwishoni, wakati wengi wameshachoka na kutoa.

Jiandae kwa anguko kabla halijafika. Mwaka 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa kwa umma Kenya kwa Sh 5 ya huko. Haukupita mwaka, zikawa chini ya Sh 3. Waliokuwa wamekopa ili kununua walibaki na deni linalozidi thamani ya hisa zenyewe. Mwaka 2021 bei ilipita Sh 40. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa chini ya 15. Wakati bei inapanda na kushuka, maisha yalikuwa yanabadilika kweli, hasa kwa pesa za simu: Wakenya watu wazima wenye huduma rasmi za kifedha walikuwa asilimia 26.7 mwaka 2006, wakafika 83.7 mwaka 2021. Kwa hiyo chukua mafunzo mawili. Usiuze kwa hofu wakati biashara yenyewe bado inakua. Na usinunue kwa shangwe kwa sababu tu kila mtu anaisifia, maana hata kampuni nzuri huuzwa ghali. Andika leo, ukiwa umetulia: bei ikishuka nusu, nitafanya nini? Karatasi hiyo ndiyo utakayoifuata siku hiyo ikifika.

Usiegemee kampuni moja wala nchi moja. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni Desemba 1989. Faharasa yake ya Nikkei haikurudi pale hadi Februari 2024. Japani iliendelea kuwa nchi tajiri miaka hiyo yote, ila aliyeweka pesa zake zote pale juu kwa mkupuo alisubiri sana. Basi tawanya: hisa za sekta tofauti, hati fungani, mifuko ya pamoja. Kwa anayeanza, vipande vya mfuko wa pamoja hurahisisha kazi, kwa sababu pesa yako ndogo inagawanywa sehemu nyingi. Tanzania, kwa mfano, Mfuko wa Umoja upo tangu 2005.

Tenganisha matumaini na tamaa. Gawa 72 kwa asilimia ya faida ya mwaka, utapata takriban miaka ambayo pesa itachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 12, ni miaka sita. Akija mtu kukuambia kwake ni mwezi mmoja, huyo anataka mtaji wako. Muulize leseni, kisha ihakiki mwenyewe kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako. Asipokuwa nayo, ondoka, hata kama ni jirani au muumini mwenzako.

Chungulia mara chache. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Siku hiyo jiulize mambo matatu. Je, tarehe ya kuhitaji pesa imesogea karibu? Je, sehemu moja imekua hadi imemeza nyingine? Je, mshahara umepanda na mchango wako umebaki pale pale? Rekebisha, funga, endelea na kazi zako. Gawio likiingia na huna shida nalo, lirudishe likanunue zaidi.

Wiki hii fanya mawili tu. Hesabu matumizi yako ya mwezi ili ujue akiba ya dharura unayotakiwa kuwa nayo. Kama tayari unayo, nenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni au kwenye mfuko wa pamoja, ukafungue akaunti. Anza na kiasi ambacho hutakikumbuka mwisho wa mwezi, halafu kipandishe kila mwaka.