Neno moja, kumbukumbu mbili

Hapa Kapolowe, kama Likasi, tunasema memwari, kutoka Kifaransa, kwa vitu viwili: mahali pa kuweka faili na mahali pa kufanyia kazi. Kiswahili sanifu hakitusaidii, kwani kumbukumbu nalo hubeba maana zote mbili. Utata huo una hasara. Jirani yangu alifuta picha za arusi ya dada yake ili kompyuta iende mbio, haikwenda. Diski yake tangu mwanzo ilikuwa nusu tupu. Kilichopungua ni RAM, gigabaiti 2 tu. Diski ni kabati, RAM ni meza. Kutoa nguo kabatini hakupanui meza. Meza ikijaa, kompyuta huhamishia kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni nzito mno. Tiba ni kuongeza RAM, kisha kuweka SSD, diski isiyozunguka.

Kipimo changu cha maana ni umeme. Ukikatika (nasi tuko jirani na bwawa la Mwadingusha!), RAM husahau yote, diski haisahau. Basi napendekeza "kumbukumbu ya kazi" na "hifadhi". Wenzangu wamelikubali la pili. La kwanza wanaliona refu.