Peptidi Juu ya Grafini

Wenzangu wa kemia huniuliza: kwa nini peptidi isiunganishwe na grafini kwa kifungo imara, isibanduke kamwe? Kwa kihisio, mimi nautaka mshiko mwepesi.

Grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni. Umeme hupita humo kwa elektroni zinazotembea huru juu ya tabaka zima. Ukifunga kitu kwa nguvu kwenye atomi, unaifunga na elektroni yake. Vifungo vikizidi, njia ya umeme inaharibika kabla kihisio hakijaanza kazi.

Peptidi, mnyororo mfupi wa asidi amino, ina njia nyingine. Triptofani na tairosini zina pete bapa zinazolala juu ya grafini kama mkeka juu ya sakafu. Pete moja hushika kidogo. Kadhaa pamoja hazing'oki kirahisi, hata majini. Sehemu iliyobaki humnasa bakteria, na mkondo wa umeme hubadilika.

Mwaka 2012 watafiti wa Princeton, Marekani, walibandika kihisio cha namna hii kwenye jino (la ng'ombe, msishtuke), kikamtambua mateni Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Tena bila betri.