Utohozi katika Kiswahili cha Mashambani: Mifano kutoka Kitale na Bungoma

Mwanafunzi anayeandika katika insha kwamba "trekta limepiga haro" huenda akatiwa wino mwekundu kwa madai kuwa amechanganya lugha. Makala hii inapinga uamuzi huo. Neno la kigeni likishatii ngeli na upatanisho wa kisarufi ni neno la Kiswahili, liwe limeingia kupitia kamusi au kupitia shamba la mahindi.

Kitale inatufaa kwa uchunguzi huu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi Waingereza waligawiwa mashamba katika Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Katika uwanda jirani wa Uasin Gishu, Makaburu walikuwa wamekwisha kuhamia tangu 1908. Miongoni mwa vibarua wa mashamba hayo walikuwamo Wabukusu kutoka Bungoma. Msomaji angetarajia basi kukuta maneno tele ya Kikaburu katika Kiswahili cha huko. Sivyo. Lililo dhahiri ni jina la wenyewe, Kaburu, linalotokana na boer, yaani mkulima.

Tulinganishe na Indonesia. Kiholanzi, ambacho ndicho asili ya Kikaburu, kilikuwa huko lugha ya utawala, nacho kikaacha kantor (ofisi), handuk (taulo) na rem (breki), kabla Kiingereza hakijaleta komputer. Wasemaji kuwapo tu hakutoshi. Sharti wawe na mamlaka au chombo kipya kinachohitaji jina. Katika Uasin Gishu mamlaka yalikuwa ya Mwingereza, na mlowezi, awe Mwingereza au Kaburu, alimwamuru kibarua kwa Kisetla. Kilikuwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, lakini Kiswahili hata hivyo.

Vyombo vya Mwingereza ndivyo vilivyoacha majina: plau, haro, trela, trekta. Likafuata neno haibridi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu ya mahindi H611 ikatolewa mwaka 1964. Hata leo wakulima huzitaja mbegu kwa namba zake, aghalabu kwa matamshi ya Kiingereza. Namba kugeuka jina si jambo geni katika eneo hili: Eldoret, uliokua katika shamba nambari 64, wenyeji waliuita Sisibo.

Mintarafu ya sarufi, Kiindonesia huchukua rem na kuipachika kiambishi ikawa kitenzi, mengerem. Kiswahili hukwepa njia hiyo mara nyingi. Nomino hubaki nomino, na kazi ya kitenzi huachiwa piga: piga breki, piga pasi, piga haro. Kiswahili huonyesha ubunifu wake zaidi katika ngeli. Neno la Kiingereza la chama cha starehe lilianza kwa sauti iliyofanana na ki-, likawa kilabu, wingi vilabu. Bati la kukinga tope gurudumuni lilisikika likiwa na ma- ya wingi, likawa madigadi, na umoja ukazuliwa: digadi. Hakuna kamati iliyoketi kuamua hayo.

Kielelezo kinachonivutia kuliko vyote kiko Bungoma. Katika neno la Kiarabu kitab, sauti ya ki ni sehemu ya neno lenyewe. Mswahili aliifanya kiambishi akapata kitabu na vitabu. Mbukusu naye alilipokea neno likiwa na kiambishi hicho, akakibadilisha kwa chake: sitabu, bitabu. Vivyo hivyo meza, lililotoka kwa Wareno, ni emesa, wingi chimesa. Angalikopa moja kwa moja kutoka Kiarabu, hakuna hakika kwamba angaliiona ki kuwa kiambishi. Ngeli, kwa hiyo, hutuonyesha njia ambayo neno lilipitia, jambo ambalo orodha za asili za maneno katika vitabu vyetu vya darasani hulipuuza.

Limebaki suala la trekta. Wapo wasemao "trekta hii" na wapo wasemao "trekta hili". I-ZI na LI-YA bado zinaligombania. Mhadhiri ana haki ya kudai mwandishi ashike upatanisho mmoja tangu mwanzo wa insha hadi mwisho. Akiandika "trekta hili imeharibika", asahihishwe. Haro iachwe.