Jawabu kwa Mke wa Askari

Bwana Mshauri, mume wangu, mzaliwa wa Mombasa aliyeletwa Kanada akiwa mtoto, alikuwa askari wa nchi hii, na mwaka 2009 alipelekwa Kandahar. Sasa ameacha jeshi. Usiku halali, hukaa garini chini ya jengo letu mpaka alfajiri. Harusini haendi kwa sababu ya vishindo vya ngoma, na mwezi jana alivunja vyombo mbele ya watoto, ingawa mimi hajanigusa. Ndugu zake wasema ana shetani, apelekwe pwani akapungwe. Jirani asema nimpeleke hospitali ya Sunnybrook. Mwenyewe asema hana ugonjwa, na amenikataza kumwambia mtu. Nahofu nikinena watoto watachukuliwa. Nifanyeje? — Mke wa Askari, Scarborough

Bibi, barua yako nimeisoma tangu mwanzo hata mwisho, na humo nimeona usingizi wa mumeo, hasira za mumeo, rai za ndugu zake na rai ya jirani, lakini mtu mmoja sikumwona, naye ni wewe. Mumeo atakapotibiwa, idhini itakuwa yake; walakini wewe kupata wa kukusikiliza na kukuongoza, hilo halingojei ruhusa ya mtu, na serikali iliyompeleka Kandahar imeliweka wazi: Idara ya Askari Wastaafu ina simu, 1-800-268-7708, ipokelewayo usiku na mchana bila malipo, ambayo mke wa askari aweza kuipiga kwa ajili ya nafsi yake, akapewa mshauri wa kukutana naye hata mara 20 kwa tatizo moja. Anza hapo, hata kama mumeo hajakubali lolote.

Wasema amekukataza kunena. Sitara ya nyumba ni jambo la heshima kwetu, wala sikuambii uitoe habari yake barazani. Lakini sitara ni kumfunika mtu aibu, si kumfungia mlango na moto ndani. Mshauri naye amefungwa na siri kwa sheria, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu au usalama wa mtoto umo hatarini, na mama kutafuta msaada si kosa la kumfanya anyang'anywe wanawe. La kuwadhuru watoto ni kuendelea kuviona vyombo vikivunjwa na hakuna awaelezaye kwa nini. Na siku itakapokuwa si vyombo tena, au ukimsikia akisema heri afe, usimngoje mtu: piga 911, au 988, ambayo tangu Novemba 2023 ni simu ya Kanada nzima kwa anayefikiri kujiua.

Kuhusu shetani, sitawatukana shemeji zako. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliporudi kutoka Burma baada ya vita kwisha 1945, wako waliokuwa wakipiga kelele usingizini, na majirani, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine, walisema yale yale. Kisomo hakina madhara. Kama moyo wake watulia kwa Yasini, asomewe. Lakini kumpandisha ndege akapungwe kwa ngoma, mtu ambaye ngoma ya harusi tu yamtoa mbio, hilo hata mganga mwenye insafu angelikataa.

Tena ugonjwa huu wa nafsi uletwao na vita, hapa Kanada haukujulikana kwa Kandahar peke yake. Jenerali Roméo Dallaire, aliyeliongoza jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994, jirani kabisa na kwetu, alitoka jeshini mwaka 2000 kwa maradhi haya, wala hakuona haya kuyatangaza. Na afisa mwingine aliyehudumu Rwanda, Stéphane Grenier, ndiye aliyeanzisha mwaka 2001 mpango uitwao OSISS, ambamo askari aliyekwisha kupita njia hiyo humsikiliza mwenziwe, na mke au mzazi wa askari akasikilizwa na aliyepatwa na masaibu kama yake. Mumeo akikataa daktari, yamkini hatamkataa mtu aliyevaa viatu vile vile katika vumbi lile lile.

Sunnybrook ilifunguliwa mwaka 1948 kwa ajili ya askari wa vita vya Hitler, na vitanda vyake vya askari aghalabu ni vya wazee wahitajio kutunzwa muda mrefu. Jirani yako ana nia njema, ila amekosea mlango.

Fidia ya serikali kwa askari aliyeumizwa na kazi yake yataka subira. Mwaka 2022 Mkaguzi Mkuu alikuta kwamba waombao mara ya kwanza walikuwa wakingojea jawabu kiasi cha wiki 39, na mimi sioni kwa nini dola iwezayo kumvusha askari bahari kwa siku chache ishindwe kuzisoma karatasi zake kwa mwezi mmoja. Hata hivyo, tangu Aprili mosi 2022, aombaye kwa ajili ya wahaka, huzuni nzito au athari za vita hulipiwa matibabu mara moja, hata kwa miaka miwili, ilhali ombi lake lingali mezani. Kwa hiyo mcheleweshaji asiwe mumeo. Royal Canadian Legion wana watu wa kumjazia fomu bure, awe mwanachama au asiwe. Na ombi likikataliwa, idara ina mawakili wa kumtetea pasipo ujira.

Kunena naye, usinene usiku, wala baada ya ugomvi. Mwambie asubuhi, watoto wakiwa shuleni, kwamba wewe umetafuta msaada kwa ajili yako, na kwamba humwombi ila jambo moja, kuzungumza mara moja na askari mwenziwe. Kisha mwache anyamaze atakavyo. Na ndugu zake watakapopiga tena kuulizia tarehe ya safari, usiwajibu wewe. Mpe simu mwenyewe.