SOMO LA KISWAHILI: TUKIPA MLIMA MWILI WA MTU



Mama akirudi kutoka shamba anasema: «Leo jua limenipiga.» Jua haliko na fimbo, lakini sisi wote tunaelewa. Kukipa kitu mwili, tendo ao moyo wa mtu, njo tunaita tashihisi. Washairi wanaitumia sana. Lakini iko na kanuni mbili.

1. Tendo litoke ku kitu chenyewe

Mwanafunzi akiandika juu ya Nyiragongo, karibu kila mara anaandika: «Mlima ulitapika.» Tuangalie vizuri. Tarehe 10 Januari 1977, na tena tarehe 17 Januari 2002, moto haukumwagika kupitia kinywa cha juu. Ulitokea ku nyufa za ubavuni. Mwaka 2002 ulishuka paka ndani ya Goma, ukaingia ziwani. Basi mlima haukutapika: ulipasuka ubavu, na damu yake ikashuka mjini. Mnaona? Aliyeangalia vizuri amepata neno lenye nguvu kupita lile la kila mtu.

2. Moyo ni wetu, si wa kitu

Katika Isaya 55:12 miti inapiga makofi. Miti iko na furaha? Hapana. Wenye furaha ni watu wanaorudi kwao. Nabii amewapa miti furaha yao. Tukisahau jambo hili, tashihisi inaweza kutudanganya.

Mfano uko karibu, kwa Sake na njia ya Goma: mazuku, ambayo watu wanaita upepo mbaya. Mshairi anaweza kusema: «Mwizi bila miguu amelala shimoni.» Amesema vizuri, kwani mazuku inalala kweli. Ni gazi ya kaboniki inayotoka ndani ya udongo. Ni nzito kupita hewa, kwa hiyo inajaa ku mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Haina rangi wala harufu. Mbuzi na mtoto mdogo wanakufa mbele ya mtu mzima kwa sababu pua yao iko karibu na udongo.

Lakini mazuku haichukii mtu. Haichagui nyumba. Tukiamini kwamba iko na chuki, siku mtoto akikufa tutauliza: «Nani aliituma?» Na mara moja tutamwangalia mama mzee wa jirani. Hapo haiko tena shairi, ni mashitaka ya uongo. Na lile shimo litabaki wazi, likingoja mtoto mwingine.

Kwa hiyo, andika «amelala», ni kweli. Ukiandika «anatuchukia», ujue ni woga wako unaosema.

MAZOEZI

1. Andika mistari minne juu ya ukungu wa asubuhi ku vilima vyetu. Upe ukungu matendo mawili ya mtu.

2. Chini ya kila tendo, andika kile ulichoona kwa macho yako. Kama hukuona kitu, futa tendo hilo.

3. Soma sentensi hii: «Kilima kilimeza shamba letu.» Miti iliyokuwa inashika udongo wa kilima, nani aliikata? Andika sentensi upya, mikono ya watu ionekane ndani yake.

Zoezi la tatu ni fupi, lakini msiliharakishe. Mara nyingi tunampa mlima mikono ili kuficha ya kwetu.