Kipimo cha VVU Baada ya Tukio la Hatari: Majibu Yaaminiwe Lini?

Katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi inakopita barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, kipimo cha virusi vya UKIMWI (VVU) hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Hata hivyo, wapo wanaopima siku chache tu baada ya kujamiiana bila kinga au kuchomwa na kitu chenye damu, wakaambiwa hawana maambukizi, nao wakayachukua majibu hayo kuwa ya mwisho. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupambana na virusi. Askari hao huchukua majuma kadhaa kufikia kiwango kinachoonekana, na muda huo ndio kipindi cha matazamio. Wengi walioambukizwa hugundulika kati ya wiki ya 4 na ya 6, na karibu wote ifikapo wiki ya 12. Katika majuma ya mwanzo virusi huwa vingi mno mwilini, hivyo mtu aweza kumwambukiza mwenzi wake huku akiwa ameshika majibu yasiyoonesha maambukizi.

Tuseme tukio limetokea tarehe 1 Machi. Mhusika afanye yafuatayo:

1. Afike kituoni mara moja, kabla saa 72 hazijapita, ili apimwe na kupewa dawa kinga (PEP). Dawa hizo humezwa kwa siku 28, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Iwapo kituo hakina dawa, aulize zinapopatikana na aende siku hiyo hiyo.

2. Asiyetumia dawa kinga apime tena kuanzia tarehe 12 Aprili, yaani wiki ya 6, kisha tarehe 1 Juni, miezi 3 ikiwa imetimia. Aliyetumia dawa afuate tarehe atakazopangiwa na mhudumu, kwani dawa zaweza kuchelewesha maambukizi kuonekana.

3. Katika muda wote huo atumie kondomu na asichangie damu.

Majibu ya mwisho yakionesha hakuna maambukizi, na hakuna tukio jingine lililofuata, yaaminiwe. Kipimo cha kwanza kikionesha maambukizi, hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Vivyo hivyo, anayejipima mwenyewe, jambo lililoruhusiwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, hana budi kwenda kituoni kuthibitisha.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu. Aibu isimzuie mkazi yeyote kufika mapema, wala majibu ya haraka yasimfanye asirudi.