Shule ya Pweto na kazi za leo: pa kuanzia

Mtoto anayeuza chisense, samaki wadogo wa ziwani, na mama yake sokoni Pweto anajua kugeuza kwacha kuwa franka, na franka kuwa dola, kabla hajaandika jina lake sawasawa. Akifika darasani anapewa hesabu za vitu asivyowahi kuviona, na mwalimu anamwona mzito. Kasoro hiyo inaweza kurekebishwa papo hapo, bila kungoja amri ya mtu.

Sheria tunazo. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka 8: 6 ya primeri na 2 ya kwanza ya sekondari, na inaruhusu kufundisha kwa lugha za nchi na za mahali. Tangu Septemba 2019 primeri ya serikali ni bure, na madarasa yamefurika. Kinachobaki ni kazi ya mkurugenzi, walimu na kamati ya wazazi, COPA, hapa hapa kando ya ziwa Moero.

Anzeni kwa kuhesabu kazi za mji. Wazazi watatu na wanafunzi wawili wakubwa wachukue daftari, watembee Jumamosi mbili: mwaloni, sokoni, njia ya kuelekea Chienge upande wa Zambia, kwa wenye pikipiki. Wasiulize tu mtu anafanya nini. Waulize: ni kazi gani unalazimika kuipeleka Lubumbashi kwa sababu hapa hakuna anayeiweza? Majibu ndiyo yatakayowaonyesha cha kufundisha. Pengine ni injini ya boti, pengine betri ya sola, pengine hesabu za ushirika wa wavuvi. Msiandike mnachodhani, andikeni mlichosikia.

Kisha pelekeni darasa la tano mwaloni na mizani. Pimeni kilo 10 za samaki wabichi, waanikeni, wapimeni tena wakikauka. Wanafunzi watafute uzito uliopotea ni asilimia ngapi, wageuze bei kwa sarafu tatu, waamue ni lipi lina faida: kuuza wabichi leo, au wakavu baadaye, wakijua kwamba Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Wajadiliane kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, halafu waandike matokeo kwa Kifaransa, kwa maana mtihani wa taifa utakuja kwa Kifaransa. Somo hili moja lina asilimia, uwiano, faida na insha. Mwalimu alinde jambo moja: somo lisigeuke kuwa kazi ya bure kwa mwenye samaki.

Sekondari ni ngumu zaidi. Seksheni za pedagojia na biashara ni nyingi kwa sababu zinahitaji chaki na mwalimu tu. Ufundi unadai vyombo, na seksheni ya umeme isiyo na hata koleo ni udanganyifu kwa mzazi. Kama vyombo hamna, funganeni na fundi wa mjini kwa karatasi: siku, saa, vyombo, usalama, na kwamba mwanafunzi hatatumwa kuchota maji. INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, iko Lubumbashi. Waandikieni mapema muulize masharti ya kupokea vijana wenu.

Msiifunge shule kwenye mgodi mmoja. Dikulushi, mgodi wa shaba na fedha katika territoire yetu, ulianza kuzalisha mwaka 2002, na mwisho wa 2008, bei ya shaba ilipoanguka, ulisimama. Aliyekuwa amejifunza kuunganisha chuma alipata kazi kwenye maboti. Aliyejua kuendesha mtambo wa mgodini tu alirudi nyumbani.

Pesa za mgodi ni jambo jingine, hizo zidaini. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa serikali kwa uchifu, sekta au komini ambamo mgodi unafanya kazi, na inaidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Msiombe "msaada wa shule". Ombeni cherehani 4, mashine 1 ya kuchomelea na mizani 2, kwa ukurasa mmoja, bei za maduka matatu na sahihi za COPA. Pelekeni nakala mbili, mrudi na moja yenye mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo, mwaka ujao wataweza kusema barua haikufika.

Wazazi wenzangu, mkutano wa kwanza wa COPA mwezi wa Septemba ufunguliwe na daftari lile la kazi mezani. Michango izungumzwe baadaye.